Ncha ya bisibisi imekatikia ndani ya injini ya chenso: kamba usiivute

Swali: Fundi, shikamoo. Mimi ni kijana wa Mafinga, napasua mbao za paini kwa chenso ya tajiri wangu. Klachi ilianza kuteleza, nikataka kuifungua niweke nyingine. Nikatoa plagi, nikaingiza bisibisi nyembamba kwenye tundu lake ili pistoni isizunguke, kisha nikaanza kufungua klachi kwa spana na nyundo, kuelekea kushoto kama nati yoyote. Bisibisi ikakatika. Nilipoichomoa, ncha ya kama sentimita moja haipo. Nimejaribu kuzungusha injini kwa mkono, kuna mahali inagoma. Wenzangu wananiambia nivute kamba kwa nguvu bila plagi, injini itaitema yenyewe. Tajiri hajajua. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kamba usiivute, hata mara moja. Ulichofanya cha maana kuliko vyote ni kusimama ilipogoma na kuuliza kwanza. Kama hujailazimisha, uwezekano wa kuiokoa injini hiyo bila kununua kifaa kikubwa ni mzuri.

Wenzako wanakutakia heri, lakini ushauri wao ndio unaoua injini. Ncha hiyo ni chuma kilichofanywa kigumu kwa moto. Pistoni ni aluminiamu, laini kuliko chuma hicho kwa mbali. Silinda nayo ni aluminiamu iliyopakwa ndani tabaka jembamba sana la nikeli au kromu, na tabaka hilo ndilo ringi zinateleza juu yake. Likishabanduka, silinda haichongwi na kuwekewa pistoni kubwa zaidi kama ya gari. Inatupwa. Na pale pistoni inapofika juu kabisa, pengo kati ya ukingo wake na kichwa cha silinda huwa chini ya milimita moja au karibu na hapo. Bisibisi ya unene wa milimita 5 haiwezi kupita katika pengo hilo bila kuacha jeraha.

Kutema kwenyewe, itatemea wapi? Hii ni injini ya mipigo miwili, haina valvu. Ukutani mwa silinda kuna milango. Mkubwa mmoja unatoka kwenda kwenye ekzosi, na pembeni yake kuna njia zinazoshuka hadi kwenye kasha la kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), chini ya pistoni. Hewa yenye petroli na oili hupita kwanza huko chini, ikailainisha kranki na beringi zake, ndipo ikapanda juu kuungua. Ukivuta kamba, kipande kinarushwa popote. Kikiingia mlango wa ekzosi, bahati yako. Kikishuka njia za pembeni, kimefika kwenye beringi, na kazi iliyokuwa ya saa moja inakuwa ya kufumua mashine nzima. Ukiiwasha kikiwa ndani ndiyo mbaya zaidi: chenso ikiachiwa mafuta yote bila mzigo, nyingi hufika mizunguko 12,000 kwa dakika, yaani pistoni inapanda na kushuka mara 200 kila sekunde. Kabla hujaondoa kidole kwenye mafuta, kila kitu kimeshakwaruzika.

Basi tuanze taratibu. Mwaga petroli yote, toa mnyororo na ubapa wake, halafu safisha nje ya injini kwa brashi, hasa kuzunguka tundu la plagi. Huko kwenye paini utomvu na vumbi la mbao hugandamana pale kama gundi, na ukifukua-fukua utaongeza uchafu ndani. Fanyia kazi mezani, juu ya kitambaa cheupe, kwenye mwanga. Sigara ikae mbali.

Chukua kipande cha bisibisi kilichobaki mkononi mwako, usikitupe. Tafuta bisibisi nzima ya aina ileile, zilaze pamoja, upime ni kiasi gani hasa kimepungua. Angalia na uso wa mkatiko: ukiwa mmoja na safi, huenda kuna kipande kimoja tu ndani; ukiwa na pembe zilizomeguka, tarajia vipande viwili au vitatu. Kazi hii haiishi mpaka vipande ulivyotoa, ukivipanga juu ya kile ulichonacho, vikamilishe bisibisi. Watu wengi hutoa kipande kikubwa, wakafurahi, wakafunga, na kile kidogo ndicho kinachokwenda kukaa kwenye beringi.

Sasa hilo la kugoma. Usilione kama tatizo jingine, hiyo ni taarifa inayokuambia kipande kiko wapi. Ingiza mrija wa soda kwenye tundu la plagi uguse kichwa cha pistoni (plastiki, tafadhali, usirudie chuma, wala kijiti kinachoweza kuvunjika). Zungusha injini kidogo sana kwa vidole, kwenye gurudumu la magineto (lile lililo nyuma ya kifuniko cha kamba), uone mrija unapanda au unashuka. Ikigoma pistoni ikiwa karibu na juu kabisa, kipande kimelala juu ya pistoni na kinabanwa na kichwa cha silinda. Hiyo ndiyo habari njema kuliko zote, maana milango imeshazibwa na ubavu wa pistoni na kipande hakina pa kukimbilia. Irudishe nyuma kidogo tu, kipande kiwe huru lakini milango ibaki imefungwa. Ikigoma pistoni ikiwa katikati ya safari, kipande kimetoa kichwa ndani ya mlango mmojawapo na kinabanwa kati ya ukingo wa pistoni na ukingo wa mlango. Hapo irudishe nyuma ulikotoka na usijaribu tena upande huo.

Na ikiwa baadaye itazunguka mzunguko mzima bila kugoma, usidhani kipande kimetoweka. Kimeangukia kwenye ekzosi, au kwenye kasha la kranki, au kimejipanga kwenye kibonde cha kichwa cha silinda ambako kwa muda kinapata nafasi.

Tuseme kiko juu ya pistoni. Mulika kwa tochi kupitia tundu la plagi. Tundu hilo kwa chenso nyingi ni la plagi ya milimita 14, na ukiondoa unene wa resi (mistari ya skrubu) nafasi unayobaki nayo ni kama milimita 12, hivyo jicho moja na tochi moja haviingii pamoja. Kioo kidogo cha daktari wa meno husaidia. Bora zaidi ni ile kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu. Zenye kichwa cha milimita 5 au 7 hupita bila shida. Kwa fundi anayefungua injini kila wiki, kamera hiyo inafaa kununuliwa mapema kuliko spana nyingi anazoziwaza.

Ukishakiona, tumia sumaku. Hapa aluminiamu iliyokutia hofu inakuwa rafiki yako: silinda na kichwa cha pistoni havivutwi na sumaku, kwa hiyo kitakachonasa ni kipande chenyewe. Kalamu ya sumaku ya mafundi ikipatikana, ndiyo yenyewe. Isipopatikana, chukua sumaku ya spika ya redio mbovu, ubandike juu yake msumari mrefu mwembamba au waya wa chuma ulionyooka. Ncha ya mbali nayo itakuwa sumaku, dhaifu kidogo lakini yatosha kunyanyua gramu chache. Usifunge kisumaku kidogo kwenye uzi au kukigandisha kwa gundi kwenye kijiti. Kikibaki ndani utakuwa na vitu viwili vya kutafuta badala ya kimoja.

Pitisha polepole kuzunguka uso wote wa pistoni, hasa pembeni inapokutana na ukuta. Kipande kikinasa, vuta taratibu hadi mdomoni mwa tundu na umalizie kwa kibano, kwa sababu resi za tundu hukikwangua kikaanguka tena. Baada ya kukitoa, rudia zoezi hilo lote. Unga wa chuma na vichembe utaviona vimejikusanya kwenye ncha ya sumaku kama ndevu. Futa, ingiza tena, mpaka itoke safi mara kadhaa mfululizo.

Sumaku ikishindwa, kwa mfano kipande kikiwa cha chuma kisichoshika kutu cha aina isiyovutwa, weka grisi nzito kwenye ncha ya mpira mwembamba wa plastiki, ukigusishe, usubiri kidogo, uvute. Au geuza mashine juu chini. Kichwa cha silinda kina umbo la bakuli, na tundu la plagi liko karibu na kitako chake; ukiigeuza ili tundu litazame chini na kuigonga pole kwa kiganja, kipande huteremka chenyewe kuelekea hapo. Kwa chenso ambayo plagi yake imelala upande wa nyuma, itabidi uizungushe pembe mbalimbali, kwa subira. Nimeona kazi nyingi zikiisha kwa njia hii ya kugeuza tu, bila kifaa chochote.

Kuhusu upepo wa kompresa nina msimamo mkali. Usipulize kama huna uhakika kwamba pistoni iko juu na milango imefungwa. Ikiwa mlango mmoja uko wazi hata kidogo, upepo utakisukuma kipande moja kwa moja kulekule tunakokuogopa. Hata ikiwa imefungwa, vaa miwani, maana kinachotoka kwenye tundu hilo kinatoka kama risasi. Kufyonza ni salama kuliko kupuliza: ukipata mashine ya kufyonza vumbi, funga mrija mwembamba mdomoni mwake kwa gundi ya karatasi, uuingize kwenye tundu.

Kama dalili zinaonyesha kipande kimebanwa kwenye mlango, fungua ekzosi. Ni bolti au nati mbili tatu hivi, na nyuma yake kuna gasketi ambayo ukiibandua kwa upole inaweza kutumika tena. Mara nyingi utakikuta kimechungulia mlangoni, ukakivuta kwa kibano kutoka nje bila kuigusa pistoni. Tikisa na ekzosi yenyewe juu ya kitambaa. Kikisikika ndani, geuza mpaka kitoke. Ukiwa hapo, tumia nafasi hiyo kutazama ubavu wa pistoni na ringi zake kupitia mlango. Bonyeza ringi kwa kijiti cha kiberiti: inatakiwa iingie na kurudi kama springi. Ikiwa imekaa tu bila kucheza, ukingo wa pistoni umepondeka ukaibana.

Usipokipata juu wala kwenye ekzosi, basi tukubali kimeshuka. Kabla ya kufungua silinda kuna mlango mmoja wa kuchungulia ambao wengi hawaukumbuki. Toa kichujio cha hewa, kabureta na mpira wake, kisha ipandishe pistoni juu kabisa. Kwenye chenso nyingi, pistoni ikiwa juu, mlango wa kuingizia hewa unafunguka chini ya sketi yake (ubavu wake wa chini) na unatazama moja kwa moja ndani ya kasha la kranki. Ingiza kamera, ingiza sumaku. Huku chini ujue kranki na beringi ni vya chuma, sumaku itavutwa navyo na kukuhangaisha. Iongoze kwa jicho, usipapase. Huwa kipande kimelala kwenye kitako cha kasha, na ukiinamisha mashine kuelekea nyuma hujongea mpaka mlangoni.

Ikishindikana hapo, silinda itoke. Na hapa, mdogo wangu, simama kwanza uzungumze na tajiri. Mashine ni yake, kuna gasketi ya kununua na siku ya kazi itakayopotea, na akiikuta imefumuliwa bila kuambiwa atafikiri mengine. Mweleze ulichofanya na unachotaka kufanya. Kumwambia sasa, injini ikiwa bado nzima, ni rahisi kuliko kumwambia baadaye.

Chenso za kazi nzito kwa kawaida silinda yake imeshikwa na bolti nne kwenye kitako, zinazofunguliwa kwa spana ya L au ya nyota yenye mkono mrefu. Chenso ndogo za nyumbani nyingi zimejengwa tofauti: injini nzima imekaa kama sanduku, na bolti nne za chini zinashika kifuniko kinachobeba kranki. Hiyo ukiifungua, kranki inatoka yote, na kufunga kwake kunataka gundi maalumu ya injini badala ya gasketi.

Kwa ile ya kazi nzito, ambayo bolti zinashika silinda yenyewe, legeza kwa kupishana, kona na kona. Kisha laza mashine ubavu, silinda ikitazama pembeni na kuinama kidogo, ili chochote kilicho juu ya pistoni kianguke nje na kisirudi ndani. Vuta silinda moja kwa moja bila kuizungusha. Ringi zina vijipini vinavyoshika miisho yake, na ukiizungusha silinda, mwisho wa ringi unaweza kuingia mlangoni ukakatika. Ikishatoka, ziba mdomo wa kasha kwa kitambaa safi mara moja.

Toa kipande kwa sumaku, halafu osha. Changanya petroli na oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili) kama unayoichanganyia kazini, mimina ndani ya kasha, zungusha mashine pande zote, mwaga juu ya beseni kupitia kitambaa cheupe. Soma kitambaa. Rudia mpaka kisiwe na kitu. Mafuta ya taa yanaosha pia, lakini malizia kwa mchanganyiko wenye oili ili beringi zisikae kavu. Baadaye shika mkono wa pistoni, zungusha kranki taratibu, usikilize kwa vidole. Inatakiwa iteleze kimya. Ukihisi mchanga mahali palepale kila mzunguko, osha tena. Ukiendelea kuuhisi, kasha lenyewe lipasuliwe na beringi zibadilishwe pamoja na sili zake. Kazi hiyo mpelekee fundi mwenye vifaa vya kuvutia beringi, usiifanye kwa nyundo.

Angalia majeraha. Kichwa cha pistoni kikiwa na vishimo vichache, hakuna neno, injini itafanya kazi navyo miaka. Kinachohesabika ni ukingo: ikiwa bisibisi imeinua ukuta wa aluminiamu pembeni, usugue kwa msasa laini mpaka uwe sawa, na uhakikishe mfereji wa ringi haujabanwa. Kwenye silinda pitisha ukucha juu na chini. Mstari unaoonekana lakini ukucha hauusikii, uache. Mstari unaoushika ukucha, hasa katika eneo ambalo ringi hupita, unamaanisha silinda mpya, na silinda mpya isifungwe na pistoni iliyojeruhika. Kagua pia kingo za mlango wa ekzosi, kwa kuwa kingo zenye meno hukata ringi.

Wakati wa kufunga weka gasketi mpya ya kitako, paka oili ukutani, linganisha miisho ya ringi na vijipini, na mshale ulio juu ya pistoni uelekee ekzosi. Kaza bolti kwa kupishana. Pima kompresheni kwa geji kama unayo: chenso yenye afya kwa kawaida husoma psi 150 au zaidi, na ikishuka kuelekea 110 itakusumbua kuwaka.

Resi za tundu la plagi nazo zitazame. Umezikandamiza kwa bisibisi, na zile ni aluminiamu. Plagi iingie kwa vidole peke yake mizunguko ya mwanzo yote. Ikigoma, itoe na usafishe resi kwa tapu (kifaa cha kukatia resi) iliyopakwa grisi ili vichembe vinase humo, pistoni ikiwa juu. Ukilazimisha kwa spana utakuwa umeharibu kichwa cha silinda kilichonusurika.

Tumalizie na klachi iliyokuleta huku. Kwenye karibu chenso zote resi ya klachi ni ya kinyume. Inafunguka kwa kuzungusha kulia, kama saa inavyokwenda, na inakazika kushoto. Imefanywa hivyo kwa sababu mzigo wa mnyororo unaivuta kushoto wakati wa kazi, basi ingekuwa ya kawaida ingejifungua porini. Wewe ulikuwa unaikaza kwa nyundo, na nguvu yote ikaishia kwenye bisibisi. Tazama uso wa klachi, mara nyingi kuna mshale umechorwa.

Na cha kuzuia pistoni ni kamba, ile kuukuu ya stata inatosha. Zungusha injini mpaka pistoni ikiwa njiani kupanda iwe imeshaupita mlango wa ekzosi, ndipo uingize kamba kwenye tundu la plagi, ukiacha mkia mrefu nje. Ukiiingiza mlango ukiwa wazi, ukingo utaikata na utakuwa na nyuzi ndani. Kamba inajaza nafasi yote, pistoni inaegemea juu yake bila kuumia. Spana kwenye klachi, zungusha kulia, pigo fupi moja la nyundo kwenye mkono wa spana, kisha jingine. Safari hii itakuwa imekazika kuliko kawaida kwa yale mapigo ya mwanzo, hivyo ipashe joto kidogo kwa hewa ya moto kabla ya kuanza, tangi likiwa tupu na mbali na petroli uliyomwaga.

Ukifika kwenye bolti za kitako na huoni vizuri zilipo, niandikie jina la modeli lililo kwenye ubavu wa mashine, nikuelekeze kwa hiyo hasa.